Rimu pana na springi fupi: nianze wapi na 86 yangu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina Toyota 86 ya mwaka 2014, saspensheni na rimu bado ni za kiwandani. Naiendesha kila siku kwenda kazini, na mara chache kwa mwaka naingia nayo kwenye uwanja wa mbio siku za mazoezi. Nimepata rimu za inchi 18 kwa 9.5, ofseti 35. Muuzaji ananiambia nikizifunga pamoja na springi za kushusha sentimita 4, gari litapendeza na litashika barabara kuliko sasa. Rafiki yangu anasema niache springi ninunue koilova za bei ndogo (shokapu na springi zinazokuja pamoja, zenye urefu unaorekebishika). Fundi mmoja yeye anataka akate springi nilizonazo. Nataka gari lipendeze, lakini zaidi nataka likate kona vizuri bila kuniumiza mgongo. Nianze wapi?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na majibu ya haraka ili usitoe pesa kabla hujamaliza kusoma. Rimu hizo ziache. Springi zisikatwe. Sentimita 4 ni nyingi mno kwa gari la kwenda nalo kazini kila siku. Kwako wewe mpangilio ni huu: kagua shokapu na bushi (mipira ya viungo vya saspensheni), weka matairi ya michezo kwenye rimu iliyo pana kidogo kuliko yako, piga alaimenti ya maana, yaani upangaji wa pembe za tairi, halafu endesha gari hivyo kwa miezi kadhaa. Baada ya hapo utakuwa unajua unachokitafuta, na ndipo springi na shokapu zinunuliwe, tena kwa pamoja.

Naweka matairi mbele kwa sababu ya gari lenyewe. 86 ya kizazi cha kwanza ina uzito wa takriban kilo 1,240, asilimia 53 mbele na 47 nyuma, na kitovu chake cha uzito kiko chini sana, takriban sentimita 46 kutoka ardhini, kwa sababu injini yake ya boksa imelala. Mbele ina saspensheni ya MacPherson, ambayo shokapu yenyewe ndiyo nguzo inayolishika tairi kwa juu, nyuma ina mikono miwili, wa juu na wa chini. Huo ni msingi mzuri kuliko wa magari mengi ya bei yake. Halafu kiwanda kikaivalisha tairi nyembamba za 215/45R17 (upana milimita 215, ukuta asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17) zisizo na mshiko mkubwa, na walifanya hivyo makusudi: walitaka gari liteleze kwa mwendo ambao dereva wa kawaida anaweza kuumudu. Kwa hiyo ukiingia kona kwa nguvu, tairi zinachoka mapema huku saspensheni bado ina akiba. Ukifunga springi kali juu ya tairi hizo hizo, umeongeza nguvu mahali ambapo hapakuwa na upungufu.

Watu wengi hulichanganya gari kulala na gari kukosa mshiko. Unapokata kona, uzito unahama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Kiasi kinachohama kinaamuliwa na mambo matatu makubwa: ukali wa kona na mwendo wako, urefu wa kitovu cha uzito, na umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia. Springi hazimo humo. Springi kali zinapunguza kulala, zinafanya gari lijibu usukani upesi, zinazuia pembe za tairi zisiharibike sana gari linapoinama, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini jumla ya uzito unaohamia nje inabaki karibu ile ile. Hata kushusha kwenyewe kunasaidia kidogo tu: ukiteremsha kitovu hicho cha sentimita 46 kwa sentimita 2, unapunguza uhamaji wa uzito kwa asilimia 4 hivi. Tairi bora inakupa zaidi ya hapo siku ya kwanza, na inakupa kwenye breki pia, na kwenye mvua ukiichagua vizuri.

Sasa tuziangalie rimu za muuzaji wako kwa hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi. Ofseti ni umbali, kwa milimita, kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ikiwa ni chanya, uso huo uko upande wa nje wa katikati. Rimu yako ya kiwandani ni 17 kwa 7, ofseti 48. Nusu ya inchi 7 ni milimita 88.9. Toa 48 unapata takriban 41: huo ndio umbali kutoka habu kwenda ukingo wa nje. Jumlisha 48 unapata 137: huo ni wa kwenda ndani, upande wa shokapu.

Fanya vivyo hivyo kwa 18 kwa 9.5 ofseti 35. Nusu ya upana ni 120.65. Kwenda nje ni milimita 86, kwenda ndani ni 156. Maana yake ukingo wa nje unasogea nje kwa milimita 45 na wa ndani unasogea kuelekea shokapu kwa milimita 19. Milimita 45 kwa nje, kwenye gari ambalo muuzaji anataka ulishushe sentimita 4! Ili tairi isile fenda itabidi ukunje kingo za fenda, au uilaze sana kwa juu, nyuzi tatu au nne, na ukiilaza hivyo kwenye breki na kwenye mstari mnyooka unakanyagia bega la ndani tu la tairi. Umenunua upana ambao huutumii. Kuna wanaopenda gari likae namna hiyo, na kama maonyesho ndiyo lengo, ni haki yao. Wewe umesema unataka likate kona.

Kuna athari nyingine isiyoonekana kwa macho. Ofseti ikishuka kutoka 48 hadi 35, mstari wa katikati wa tairi unahama nje kwa milimita 13. Kwa tairi za mbele, huo mstari unapangwa na kiwanda kulingana na mhimili ambao tairi linazungukia unapokata usukani. Ukiusogeza nje, kila shimo na kila mfereji wa barabara unakuja mikononi mwako, usukani unavutwa huku na huku unapofunga breki kwenye lami isiyo sawa, na beringi za habu zinabeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Milimita tano au nane hutaona tofauti ya maana. Kumi na tatu, pamoja na tairi pana, utaziona.

Ningekuwa nachagua kwa ajili ya gari lako ningechukua 17 kwa 8, ofseti 45. Hesabu yake: ukingo wa nje unasogea milimita 16, wa ndani unasogea milimita 10. Inajaza fenda kiasi cha kupendeza, haigusi kitu, na tairi ya 225/45R17 inaikalia vizuri, kwani tairi hiyo imeundwa kwa rimu za inchi 7 hadi 8.5. Kipenyo chake ni milimita 634 dhidi ya 625 za zamani, ongezeko la asilimia 1.4, ambalo halisumbui spidomita wala ABS. Ukitaka zaidi kwa ajili ya uwanjani, 17 kwa 9 yenye ofseti 42 na tairi ya 245/40R17 inakupa kipenyo cha milimita 628, karibu sawa kabisa na cha kiwandani. Lakini hiyo tayari inasogea nje kwa milimita 31 na inataka alaimenti iliyopangwa kwa uangalifu, na injini yako yenye torki ndogo itaanza kuusikia uzito wa tairi.

Inchi 18 sizikatai. Zinapendeza, na 18 kwa 8 yenye tairi ya 215/40 ina kipenyo cha milimita 629. Ila ukuta wa tairi unapungua kutoka milimita 97 hadi 86, rimu yenyewe kwa kawaida ni nzito zaidi, na uzito huo umekaa mbali na katikati ambako ni kazi kubwa kuuzungusha. Ukuta wa tairi ni sehemu ya saspensheni. Ukiufupisha, kazi uliyokuwa unaifanya unaihamishia kwenye shokapu na kwenye mgongo wako.

Kabla ya kulipa, yaangalie mambo madogo ambayo yanaharibu kazi nzima. Gari lako lina studi tano kwenye duara la milimita 100. Rimu za matundu matano kwenye duara la milimita 114.3 zipo kila mahali na kwa macho zinafanana, ila haziingii, na atakayekwambia zinaweza kulazimishwa mkimbie. Tundu la katikati ni milimita 56.1. Rimu nyingi za soko huja na tundu kubwa zaidi, mara nyingi 73.1, hivyo unahitaji pete za kujaza nafasi hiyo ili rimu ikae katikati ya habu bila kutegemea nati peke yake. Bila pete utapata mtetemo wa usukani ambao wilibalansi hauuondoi.

Na nati zenyewe. Gari hili lina nembo ya Toyota lakini limejengwa na Subaru, na studi zake ni za milimita 12 zenye hatua (umbali kati ya nyuzi) ya 1.25, wakati Toyota nyingi ni 12 kwa 1.5. Nati ya 1.5 itaingia duru mbili tatu kwa mkono kisha ikaze, na fundi mwenye haraka akishika bunduki ya hewa ameshaua nyuzi za studi. Kila nati ianze kwa vidole na izunguke kwa vidole hadi karibu ifike. Hesabu duru: kwa studi ya milimita 12 yenye hatua ya 1.25 unataka nati ishike si chini ya duru kumi. Angalia pia umbo la sehemu ya nati inayokalia rimu, kwa kuwa rimu nyingi za soko zinataka la koni, na zipo zinazotaka la mviringo kama mpira. Ukizichanganya, nati inashika kwa mstari mwembamba tu na italegea yenyewe.

Kuhusu uzima wa rimu, tafuta alama ya JWL, kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, au alama ya kiwango kingine kinachotambulika, na uzito ambao rimu moja inaruhusiwa kubeba. Uzito huo usiwe chini ya nusu ya mzigo wa juu kabisa wa ekseli ya gari lako. Rimu feki zinazonakili umbo la rimu maarufu hupasuka kwenye mashimo, na sioni sababu ya kumwamini mtu aliyedanganya kuhusu jina kwamba amesema kweli kuhusu nguvu. Kwa tairi, 215/45R17 yenye namba 87 inabeba kilo 545. Usishuke chini ya hapo kwa saizi yoyote utakayochagua.

Namna ya kuhakikisha rimu na tairi havigusi popote si kuuliza watu, ni kupima kwenye gari lako. Ondoa springi kwenye shokapu moja ya mbele, rudisha shokapu bila springi, funga rimu yenye tairi, kisha inua mkono wa chini kwa jeki taratibu mpaka shokapu ilalie mpira wa kikomo. Hapo ndipo tairi itakapofika siku utakapoingia shimo kubwa. Katika hali hiyo zungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, na uangalie kwa tochi: fenda, plastiki za ndani, mkono, bomba la breki. Bandika udongo laini wa kufinyangia mahali unapopatilia shaka, ukiuona umebonyea unajua pamegusa na pamegusa kiasi gani. Upande wa ndani wa mbele una unafuu mmoja: kwenye MacPherson tairi na shokapu vinapanda na kushuka pamoja, kwa hiyo nafasi unayoiona kati yao gari likiwa limesimama haibadiliki sana. Milimita 5 zinatosha pale. Kwenye fenda taka zaidi. Na kabla ya yote hayo, funga rimu bila tairi uone kama spoki zake zinapita kalipa ya breki.

Spesa, yaani sahani za kusogeza rimu nje, nazitumia pale tu ambapo rimu nzuri imekosa milimita chache, ziwe zile zinazokaa katikati ya habu, pamoja na studi ndefu. Mbili juu ya moja, kamwe.

Tuje kwenye kushusha. Kitu cha thamani kuliko vyote ndani ya saspensheni ni nafasi ya kupanda: umbali ambao tairi linaweza kwenda juu kabla shokapu haijagonga mpira wa kikomo. Tuseme una sentimita 7 za nafasi hiyo. Ukishusha gari sentimita 3 kwa springi tu, huku shokapu ni ile ile, umebakiwa na 4. Tuta lile lile linakuja na nguvu ile ile, na sasa springi inatakiwa kuimeza kwa sentimita 4. Nishati ambayo springi inaweza kuibeba inakua kwa mraba wa umbali, hivyo, ukiuacha kando mchango wa shokapu, springi hiyo ingetakiwa kuwa kali mara tatu ya ya zamani ili usigonge kikomo. Springi za kushusha zinazouzwa sokoni huongeza ukali kwa asilimia 20, 30, pengine 40. Pengo linalobaki linajazwa na mpira wa kikomo. Gari likigonga mpira huo katikati ya kona, ukali wa upande huo unaruka ghafla, uzito unahamia tairi moja kwa mkupuo, na tairi linaachia. Dereva hulalamika kwamba gari lina tabia ya kushtukiza, na mara nyingi kinachomshtukiza ni urefu aliouchagua mwenyewe kwa ajili ya macho.

Pia pembe za mikono zinaharibika. Kwenye MacPherson, mkono wa chini ukiwa umelala sawa au umeinamia nje kidogo, tairi likipanda linajilaza kwa ndani na hivyo linabaki limekanyaga vizuri gari linapoinama. Ukishusha gari mpaka mkono huo unaelekea juu upande wa tairi, unaanza kupoteza mlazo huo badala ya kuupata. Wakati huo huo kitovu ambacho mwili wa gari unalalia kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito, na umbali kati yao unaongezeka. Ndiyo maana gari lililoshushwa kupita kiasi linaweza kutaka kulala zaidi, hata likiwa na springi kali. Mikono ya usukani nayo inabadilika pembe na tairi linaanza kujigeuza lenyewe kila linapopanda tuta. Kuna boljointi ndefu za kurekebisha hayo, ila zote ni gharama za kutibu ugonjwa ambao haukuwa wa lazima. Kwa 86 ya barabarani mimi nasimama kwenye milimita 15 hadi 25. Kwa kiasi hicho, na rimu zenye ofseti sahihi, gari linapendeza kweli.

Fundi anayetaka kukata springi ana hoja moja ya kweli: springi ikipungua mizunguko inakuwa kali. Ukikata mmoja kati ya sita inayofanya kazi, ukali unaongezeka kwa asilimia 20. Asichokwambia ni kwamba springi sasa ni fupi kuliko nafasi yake. Gari likirushwa kidogo na tairi kuning'inia, springi inalegea kwenye vikombe vyake na inaweza kurudi imekaa vibaya. Na ncha iliyokatwa haina umbo la kukalia kikombe. Kataa tu.

Koilova za bei ndogo zinavutia kwa sababu zinakuja na kila kitu na unaweza kuchagua urefu. Swali la kuuliza kwanza ni springi zake zina ukali gani. Nyingi huja na kilo 6 kwa milimita mbele, au zaidi. Tufanye hesabu. Kila tairi la mbele la gari lako, dereva akiwa ndani, linabeba takriban kilo 305 za uzito ulio juu ya springi. Springi ya kilo 6, baada ya kupunguza kidogo kwa sababu ya pembe ya shokapu, inaupa mwili wa gari mtikisiko wa asili wa takriban mara 2.1 kwa sekunde. Magari ya kifamilia hukaa kati ya 1 na 1.3. Gari la michezo la barabarani linalopendeza kuendesha huwa karibu na 1.5 hadi 1.8. Kuanzia 2 kwenda juu ni eneo la magari ya mbio yanayokimbia kwenye lami laini. Ukichukua springi ya kilo 4 mbele unapata takriban 1.7, na hapo ndipo ningekuweka wewe. Usilinganishe namba ya mbele na ya nyuma moja kwa moja: nyuma springi imekaa ndani zaidi kwenye mkono, na kama springi inasogea milimita 7 tairi likisogea 10, basi ukali unaofika kwenye tairi ni asilimia 49 tu ya ulioandikwa kwenye boksi. Springi ya nyuma yenye namba kubwa kuliko ya mbele inaweza kuwa laini kwa uhalisia.

Jambo la pili la kuuliza ni namna urefu unavyorekebishwa. Kuna koilova ambazo unateremsha kikombe cha springi kwenye mwili wa shokapu: gari linashuka na nafasi ya kupanda inapungua kwa kiasi hicho hicho. Kuna zile ambazo mguu wa chini wa shokapu unazungushwa kivyake: gari linashuka, nafasi ya kupanda ndani ya shokapu inabaki. Za pili ni bora zaidi kwa kushusha, mradi tairi lisiguse kitu kabla ya shokapu kufika kikomo.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni shokapu lenyewe. Springi inaamua mwili wa gari utakwenda umbali gani, shokapu linaamua utakwenda kwa namna gani. Springi kali ikirudi inarudi kwa nguvu, na shokapu lisiloweza kuishika linaliacha gari likiruka ruka, tairi likigusa na kuachia lami. Kitufe cha kurekebisha shokapu chenye mibonyezo 24 hakikuambii kitu. Shokapu za bei ndogo mara nyingi mibonyezo ya mwanzo inabadilisha kidogo na ya mwisho inabana kila kitu. Taka kuona grafu ya nguvu ya shokapu, na uulize kama vipuri na huduma ya kulifungua vinapatikana. Mtengenezaji asiyeweza kukujibu hayo mawili, pesa yako ni salama zaidi kwenye shokapu la kawaida la ubora wa juu. Bilstein, kwa mfano, hutengeneza B6 kwa gari la urefu wa kiwandani na B8 yenye shina fupi kwa gari lililoshushwa. B8 na springi za kushusha milimita 20, kutoka kampuni inayotaja ukali wake waziwazi, ndizo ningekuchagulia kabla ya koilova ya bei ya chini. Pesa ikiruhusu koilova ya daraja la juu, ni sawa, na hiyo haitakuumiza mgongo.

Stabilaiza, ile nondo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia wa saspensheni, acha kwanza. Ni kweli inapunguza kulala bila kugusa ukali wa springi kwenye mstari mnyooka, lakini ukali wake unakua kwa kipeo cha nne cha unene: kutoka milimita 18 kwenda 20 ni ongezeko la asilimia 52. Ukiweka nene nyuma kwenye gari la kusukumwa na tairi za nyuma, mkia utaanza kutoka mapema, hasa kwenye mvua. Kama baada ya yote gari linasukuma pua nje, hilo tunalitibu kwa alaimenti.

Na alaimenti ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kuliko zote hizi. Kwenye 86 kemba ya mbele ya kiwandani, yaani mlazo wa tairi kwa juu (hasi ni kulala kwa ndani), iko karibu na sifuri: tairi limesimama wima. Gari likilala kwenye kona, tairi la nje linakanyagia bega la nje, na ndiyo maana unaona bega hilo linaisha mapema baada ya siku za uwanjani. Boliti maalumu za kemba kwenye shokapu za mbele zinakuruhusu kufika hasi nyuzi 1.5 hadi 2. Weka hapo. Nyuma, kiwandani hakuna marekebisho ya kemba, tou pekee ndiyo inayorekebishwa. Kwa kushusha milimita 20 kemba inaongezeka yenyewe kidogo na unaweza kuishi nayo. Ukishusha zaidi utahitaji mikono ya chini inayorekebishika. Tou, yaani namna tairi mbili za ekseli moja zinavyoelekeana au kuachana kwa mbele, mbele weka sifuri, nyuma ziachwe zielekeane kidogo sana ili mkia utulie. Kinachomaliza tairi ni tou mbaya. Kemba ya hasi 2 peke yake, kwa mtu anayekata kona kwa raha, haimalizi tairi kama watu wanavyohofia.

Kwa kuwa gari ni la 2014, kabla ya kununua chochote liinue uangalie shokapu kama zinavuja mafuta, bushi za mikono kama zimepasuka, vikombe vya juu vya shokapu, na boljointi kama zina mchezo. Bushi iliyokufa inaliruhusu tairi kwenda itakako, na hakuna alaimenti itakayokaa juu yake.

Siku ya kufunga, simamia jambo moja ambalo mafundi wengi huliruka. Bushi za mpira zimegandishwa kwenye vyuma vyake vya ndani na nje, hazizunguki, zinajisokota. Boliti za mikono zikikazwa gari likiwa limeinuliwa na tairi zinaning'inia, likishushwa chini bushi zote zinabaki zimesokotwa muda wote, gari linakaa juu kuliko inavyotakiwa, na mpira unapasuka mapema. Boliti ziachwe zimelegea, gari likae kwenye uzito wake, lisukumwe mbele na nyuma kidogo, ndipo zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha huduma. Pima urefu kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda pande zote nne kabla na baada, na uandike. Alaimenti ipigwe baada ya gari kutembea siku chache, springi zikishakaa. Taa za mbele zielekezwe upya. Nati za rimu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Ukishapata vipimo vyako vinne vya urefu na karatasi ya alaimenti ya sasa, nitumie pamoja na saizi ya rimu utakayokuwa umeamua. Kwa hivyo vitatu naweza kukutajia springi za ukali gani, mbele na nyuma, kabla hujalipa.